Nani Aligusa Mizani? Kompyuta za Kazini Ziandike Mabadiliko Yake



Safari hii tunataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wenu mtadhani linawahusu mafundi wa kompyuta peke yao. Tunaomba msigeuze ukurasa. Ni jambo la kuandika mabadiliko. Kila mara mipangilio ya mtambo wa kompyuta inapobadilishwa, pabaki kumbukumbu inayoonyesha nini kilibadilishwa, lini, na kwa mkono wa nani. Na kumbukumbu hiyo iandikwe na mashine yenyewe, kwa programu fupi ambayo mafundi huiita skripti, isingojee mtu akumbuke au apende kuandika. Sisi tunaliona jambo hili kuwa la mshahara, na tutaeleza kwa nini.

Tazameni mahali tunapofanya kazi leo. Majani ya chai yanapimwa kwa mizani ya umeme, na kilo zinakwenda moja kwa moja katika kompyuta ya ofisi. Miwa inapimwa ikiwa juu ya lori. Kiwandani mfanyakazi anaweka kidole juu ya kioo anapoingia zamu na anapotoka. Mwisho wa mwezi mashine inajumlisha, inakata, inatoa hati ya mshahara. Karani wa zamani na kalamu yake sikioni amebaki kubeba karatasi tu. Wakubwa wanatuambia kwamba sasa hakuna upendeleo tena kwa kuwa mashine haina ndugu wala adui. Hilo ni kweli. Lakini mashine ina bwana, na bwana huyo huiambia cha kufanya kwa maneno machache yaliyoandikwa ndani ya faili moja dogo la mipangilio.

Faili hilo ndilo tunalotaka mlifahamu. Halina ajabu. Ni mistari ya maandishi kama orodha ya dukani. Mstari mmoja unasema mfuko wa kuchumia ukatwe uzito gani kila unapopimwa. Mwingine unasema mtu akichelewa dakika mbili ahesabiwe tangu saa gani. Mwingine unasema muda wa ziada unaanza baada ya saa ngapi za kazi na unalipwa mara ngapi ya saa ya kawaida. Anayeweza kulifungua faili hilo anaweza kubadili tarakimu moja, akalifunga, akaenda kunywa chai. Huko shambani hakuna atakayeona kitu. Mizani inang'aa vile vile, na kioo kinaonyesha namba vile vile.

Tufanye hesabu ya mfano, na kila mmoja aweke idadi ya watu wa shamba lake. Mfuko ulikuwa unakatwa nusu kilo. Mtu akabadili mstari ule ukawa kilo moja. Mchumaji anayepima mara tatu kwa siku amepoteza kilo moja na nusu. Kwa siku 26 za kazi ni kilo 39. Shamba likiwa na wachumaji 600, kwa mwezi mmoja ni kilo 23,400 za majani mabichi zilizochumwa, zikabebwa mgongoni, zikaingia kiwandani, wala hazikulipwa. Kwa kuwa kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo nne na nusu hivi za majani mabichi, hizo ni tani tano na zaidi za chai. Na yote hayo yametokana na kugusa tarakimu moja.

Kiwandani ni hivyo hivyo. Saa za alama za vidole nyingi zimepewa uwezo wa kusogeza dakika kufikia robo saa. Aliyeingia saa moja na dakika mbili anaweza kuandikiwa saa moja kamili, au akaandikiwa saa moja na robo, kwa jinsi mstari ulivyoandikwa. Dakika 13 za mtu mmoja si kitu. Dakika 13 za zamu nzima ni mshahara wa watu kadhaa.

Hatusemi kwamba kila mwajiri anafanya hivyo. Mara nyingine ni kosa tu: fundi ameleta toleo jipya la programu, na toleo hilo limekuja na mipangilio ya kiwanda cha watu wengine. Lakini iwe wizi au iwe kosa, mfanyakazi aliyekwenda ofisini kulalamika anapata jibu lile lile, kwamba mfumo ndio uliosema. Atashika nini mkononi cha kubishana na mfumo?

Wazee wetu waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika walikuwa na kipande, ile kadi ya siku 30 za kazi. Kila siku iliyomalizika ilitiwa alama, na mshahara ulingoja mpaka kadi ijae. Hatukisifu kipande hata kidogo. Kilikuwa chombo cha kumbana mtu, maana aliyeugua au aliyeshindwa kumaliza kazi ya siku hakupata alama, na mshahara ukasogea mbele. Lakini alama iliyokosekana katika kipande ilionekana kwa macho. Mtu angeweza kugomba siku ile ile, mbele ya nyapara, na wenzake wakamshuhudia. Leo alama yetu iko ndani ya mashine tusiyoifungua, na mtu akiibadili saa sita za usiku hakuna shahidi.

Kama yuko anayedhani tunakuza mambo, tumpeleke Uingereza, nchi ambayo watu huambiwa kwamba mambo yake yote yana utaratibu. Kuanzia mwaka 1999 Posta ya huko iliingiza katika ofisi zake mtambo wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya ICL ambayo baadaye ikawa sehemu ya Fujitsu. Ofisi ndogo za posta vijijini na mitaani ziliendeshwa na mawakala, watu wa kawaida wenye duka na kaunta ya stempu. Mkataba wao uliwabana: hesabu ikipungua, wao ndio wa kulipa. Basi hesabu zikaanza kupungua ndani ya kompyuta wakati fedha haikuibwa na mtu. Wakala akipiga simu kuuliza, aliambiwa mtambo ni imara. Wengine waliuza nyumba ili walipe deni ambalo halikuwapo. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au hesabu za uongo kwa ushahidi wa mtambo huo, wapata 700 kati yao wakishtakiwa na Posta yenyewe. Walikuwamo waliofungwa jela, na walikuwamo waliokufa kabla majina yao hayajasafishwa.

Kwa miaka mingi Posta ilishikilia kwamba hakuna mtu nje ya ofisi ya wakala awezaye kugusa hesabu zake. Wakala mmoja aliyenyang'anywa ofisi yake huko Llandudno, Wales, Alan Bates, hakukubali. Mwaka 2009 yeye na wenzake waliunda umoja wao, na baadaye wadai 555 wakaenda mahakamani. Desemba 2019 Jaji Fraser akatoa hukumu: mtambo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuharibu hesabu, na mafundi wa Fujitsu waliweza kuingiza na kubadili hesabu za ofisi ya wakala wakiwa mbali, bila wakala kujua. Zaidi ya hapo, yaliyoingizwa yaliweza kuonekana kana kwamba yameingizwa na wakala mwenyewe. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja. Miaka 25 ilikuwa imepita tangu mtambo uingizwe.

Mfanyakazi asome habari hii mara mbili. Kumbukumbu hazikukosekana kabisa. Fujitsu walikuwa na orodha yao ya kasoro zinazojulikana. Palikuwa pia na hazina ya kumbukumbu za hesabu ambayo ingeweza kufunguliwa pale wakala alipobisha. Lakini vitu hivyo vilikuwa mikononi mwa upande mmoja tu, na aliyeshtakiwa hakuwa na uwezo wa kuviona. Kwa hiyo tunapodai kumbukumbu, tunadai vitu viwili pamoja: iandikwe, na sisi tuweze kuisoma. Cha kwanza bila cha pili ni silaha ya mwajiri.

Kuna jambo jingine la pembeni katika kisa hicho, nalo linatuhusu sisi wa vyama. Mawakala wale walikuwa na shirikisho lao. Shirikisho hilo liliutetea mtambo, na jaji yule yule katika hukumu ya Machi 2019 alisema halikuwa huru mbele ya Posta, maana Posta ndiyo iliyolilipia gharama zake. Chama kinachokula sahani moja na mwajiri hakiwezi kumuuliza nani aligusa mizani. Tunalisema hili kwa upole, lakini wenye masikio katika baadhi ya matawi watakuwa wamesikia.

Sasa tuwageukie mafundi wa kompyuta wenyewe, kwa sababu wako wanaodhani kumbukumbu ya mabadiliko ni kitanzi cha shingo yao. Fundi naye ni mfanyakazi. Yeye ndiye anayeamshwa usiku, na mambo yakiharibika yeye ndiye wa kwanza kutajwa. Tuangalie yaliyotokea Marekani tarehe 1 Agosti 2012 katika kampuni ya Knight Capital, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta. Kampuni ilikuwa na seva nane za kazi moja, nazo zilipaswa kuwekwa programu mpya. Fundi aliiweka katika seva saba, ya nane ikasahauliwa. Ndani ya ile ya nane mlikuwa na programu ya zamani iliyokuwa imeachwa kutumiwa kwa miaka, na mpangilio ulioamsha programu mpya katika seva saba uliamsha programu ile ya zamani katika seva ya nane. Soko lilipofunguliwa, seva hiyo ikaanza kununua na kuuza kama mwendawazimu. Katika dakika 45 ilifanya biashara zaidi ya milioni nne. Hasara ikapita dola milioni 460.

Kisa hicho kina sehemu moja ambayo hatuwezi kuiacha. Katika harakati za kuokoa hali, wakubwa na mafundi hawakujua tofauti iko wapi. Wakaiondoa programu mpya katika zile seva saba zilizokuwa sawa, na moto ukazidi. Skripti fupi ya kulinganisha seva nane ingewaonyesha katika sekunde chache kwamba saba zinafanana na moja haifanani. Kabla soko halijafunguliwa, mtambo wenyewe ulikuwa umetuma barua 97 za onyo kwa wafanyakazi, lakini hazikuwa zimepangwa kuwa kengele ya hatari, na hakuna aliyezishughulikia.

Na tume ya serikali ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa ilipotoa uamuzi wake mwaka 2013, ilimlaumu nani? Haikumsulubu fundi. Ilisema kampuni haikuwa na utaratibu ulioandikwa wa kutaka mtu wa pili ahakikishe kazi ya wa kwanza, ikaitoza kampuni dola milioni 12. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mtu mmoja kusahau seva moja kati ya nane ni jambo la kibinadamu. Mwajiri kuachia mamia ya mamilioni yategemee kumbukumbu ya kichwa cha mtu mmoja ni uzembe wa mwajiri. Fundi anayefanya kazi mahali penye daftari la mabadiliko anaweza kusema: mimi niligusa mstari huu, saa hii, kwa amri ya fulani, na mistari mingine sikuigusa. Asiye na daftari hana neno la kusema.

Sasa kazi yenyewe inafanywaje? Tutaeleza kwa ufupi ili mtu asije akawatisha katika majadiliano kwa maneno makubwa. Skripti ni orodha ya amri ambazo kompyuta inazitekeleza moja baada ya nyingine bila kushikwa mkono. Inapangiwa saa, tuseme kila baada ya dakika kumi, au kila usiku saa tano. Ikiamka inachukua nakala ya faili la mipangilio la sasa na kuilinganisha na nakala iliyopita, mstari kwa mstari. Programu ya kulinganisha ya namna hiyo inaitwa diff, na ilitengenezwa huko Marekani katika miaka ya 1970, kwa hiyo asitokee meneja akasema ni uvumbuzi mpya ambao haujafika kwetu. Pakiwa hakuna tofauti, skripti inarudi kulala. Pakiwa na tofauti, inaandika: mstari huu ulikuwa 0.5, sasa ni 1.0; tarehe; saa; jina la aliyeingia katika mashine. Kisha inatuma nakala ya maandishi hayo kwenye mashine ya pili.

Hiyo mashine ya pili ni muhimu kuliko inavyoonekana. Mwenye uwezo wa kubadili mipangilio asiwe na uwezo wa kufuta kumbukumbu. Ghala na daftari la ghala havikai katika mfuko wa mtu mmoja. Kila karani mkweli anajua hivyo.

Kwa kutunza nakala hizo mafundi wengi duniani hutumia programu iitwayo Git, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Linus Torvalds kwa ajili ya wale wanaoandika programu ya Linux. Inatolewa bure. Ina tabia moja ambayo sisi wa vyama tumeipenda kuliko mafundi wenyewe wanavyoipenda. Kila badiliko likiandikwa hupewa alama yake, mfuatano wa tarakimu na herufi 40 (katika namna mpya zaidi ni 64), na alama hiyo hukokotolewa kutokana na yaliyoandikwa pamoja na alama ya badiliko lililotangulia. Ni kama mnyororo. Mtu akirudi nyuma kimya kimya akabadili maandishi ya mwezi wa tatu, alama ya mwezi wa tatu inageuka, na ya wa nne inageuka, na ya wa tano, mpaka ya leo.

Kwa hiyo pendekezo letu ni rahisi. Mwisho wa kila mwezi mwakilishi wa wafanyakazi aende ofisini, aonyeshwe alama ya mwisho, aiandike kwa kalamu katika daftari la kawaida la kurasa 96, atie sahihi, na fundi atie sahihi. Basi. Hahitaji kujua kompyuta. Anahitaji kujua kunakili herufi bila kuruka. Siku ya ugomvi, miezi minane baadaye, kumbukumbu inafunguliwa na alama za ndani ya mashine zinalinganishwa na zilizo katika daftari. Zikipatana, maandishi hayakuguswa tangu siku ile. Zisipopatana, mwajiri ana maswali ya kujibu mbele ya mpatanishi.

Tusidanganyane, dawa hii haitibu kila ugonjwa. Inathibitisha kwamba maandishi hayakubadilishwa baadaye. Haithibitishi kwamba mizani yenyewe ni sawa. Hiyo ni kazi ya mkaguzi wa vipimo na mawe yake ya kupimia, na mumdai aje. Pia skripti inayochunguza faili la mipangilio haioni mtu anayekwenda moja kwa moja kwenye orodha ya kilo na kupunguza kilo za mtu mmoja. Orodha hiyo nayo ina njia zake za kuandikiwa mabadiliko, na lazima zitajwe katika madai. Tena skripti inayoamka usiku mara moja tu haitaona badiliko lililofanywa saa nne asubuhi na kurudishwa saa tisa. Ndiyo maana tunapendelea dakika kumi.

Na jina? Hapa ndipo tunapoona udhaifu mkubwa katika mahali pengi pa kazi. Neno moja la siri linatumiwa na watu wanne, nalo limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya mashine. Kumbukumbu itasema kwamba mipangilio ilibadilishwa na "ofisi". Ofisi ni nani? Siku mambo yakiharibika, ofisi itakuwa yule karani wa chini kabisa. Kila mtu awe na jina lake na neno lake la siri, na meneja naye awe na lake, asiingie kwa la karani. Makarani na mafundi wanapaswa kulidai hili kwa nguvu kuliko mtu mwingine yeyote.

Tunajua kuna wenzetu watakaosema: mnataka mashine za kutuandika tena, na sisi tumechoka kuandikwa. Kamera juu ya mlango, kidole asubuhi, kidole jioni, sasa na skripti? Hoja hiyo tunaiheshimu. Lakini kuna tofauti kati ya kumwandika mtu na kuandika kanuni. Tunachotaka kiandikwe ni mabadiliko ya mipangilio inayotuhukumu sisi sote: kato la mfuko, robo saa, kiwango cha muda wa ziada. Hatutaki kiandikwe mtu amekwenda msalani mara ngapi. Mwajiri akijaribu kuyachanganya hayo mawili katika karatasi moja, kikao kiahirishwe mpaka yatenganishwe.

Wengine watapewa jibu la gharama. Tumekwisha kusema kwamba programu hizo ni za bure. Skripti yenyewe ni mistari isiyozidi ukurasa mmoja, na fundi anayeijua kazi yake ataiandika kwa siku moja pamoja na kuijaribu. Kompyuta ya pili ya kutunzia nakala inaweza kuwa ile ya zamani iliyotupwa stoo. Kampuni iliyopata fedha za kununua saa za vidole kwa kila lango haiwezi kuomba huruma kwa hilo.

Liko na jibu la siri: mipangilio ni mali ya kampuni iliyouza mtambo, haifunguliwi. Hapo mwulizeni mwajiri kama yeye mwenyewe anaruhusiwa kuiona. Akisema ndiyo, basi siri haipo baina yake na muuzaji, ipo baina yake na ninyi. Akisema hapana, basi anawalipa watu mishahara kwa hesabu asizozijua, na jambo hilo lipelekwe kwa ofisa wa kazi.

Sheria nazo zimeanza kutusaidia kidogo. Uganda na Kenya zilipitisha sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zinampa mtu haki ya kuomba kuona taarifa zake zinazotunzwa na mwingine, na kuomba zisahihishwe zikiwa na makosa. Kilo zako na saa zako ni taarifa zako. Mfanyakazi mmoja mmoja anaweza kuomba zake, na tawi likijipanga watu mia moja wakapeleka maombi wiki moja, ofisi itaelewa haraka. Lakini sheria hizo zinahusu taarifa za mtu, hazitaji waziwazi mstari wa kato la mfuko. Kanuni ya kuwahukumu wote haimhusu mtu mmoja kwa jina, na mwanasheria wa mwajiri atalisema hilo kabla hamjakaa vizuri. Kwa hiyo njia ya uhakika ni mkataba wa pamoja baina ya chama na mwajiri.

Matawi ambayo mikataba yake inakwisha mwaka huu yaweke kifungu cha namna hii, wayarekebishe maneno kwa hali ya mahali pao: Mwajiri ataweka kumbukumbu inayojiandika yenyewe ya kila badiliko la mipangilio ya mitambo inayopima kazi, kuhesabu muda na kukokotoa mishahara. Kumbukumbu itatunzwa katika mashine mbili kwa muda usiopungua miaka mitatu. Mwakilishi wa wafanyakazi ataisoma kila mwisho wa mwezi na kunakili alama yake. Badiliko lolote linalogusa malipo litatangazwa ubaoni siku saba kabla halijaanza. Na hakuna mfanyakazi, awe mchumaji, karani au fundi, atakayekatwa mshahara au kuadhibiwa kwa sababu ya hesabu ya kompyuta kabla kumbukumbu ya mabadiliko haijafunguliwa mbele yake na mbele ya mwakilishi wake.

Wakubwa watakubali kifungu cha kwanza na cha pili bila taabu, maana vinawasaidia wao pia dhidi ya mafundi wa nje na wauzaji wa mitambo. Watagoma kwenye ubao na kwenye kifungu cha mwisho. Hapo ndipo pa kukaza. Na daftari la alama likae kwa katibu wa tawi, ukurasa wa kila mwezi unakiliwe na mtu wa pili anayekaa mtaa mwingine, lisilale ofisini kwa meneja hata usiku mmoja.